Njia moja, mara nne: mwongozo kamili wa kutembea vuli ndani ya Richmond Park, London

Neno vuli lina maana mbili, na anayehamia Uingereza hana budi kujifunza ya pili. Kwetu vuli ni mvua, zile fupi za kati ya Oktoba na Desemba, watu wanapokimbilia mashambani kupanda vya kukomaa haraka. Huku vuli ni majani. Miezi ni karibu ile ile, ila kwetu ardhi inaamka na huku miti inajitayarisha kulala.

Nilikaa London miaka mitatu nikiipita vuli bila kuiona. Kazini nilitoka giza limeingia, na Jumamosi nilifunga madirisha nikapandisha hita. Aliyenitoa ndani ni shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto mwezi wa Oktoba. Baridi haikumtisha, kwao anaijua. Siku ya pili tu akauliza, "Mwanangu, huku hakuna msitu?" Nikampeleka Richmond Park, na tangu siku hiyo sijakosa vuli hata moja.

Nimeandika mwongozo huu kwa Mswahili anayeishi Uingereza, au anayekuja huku kati ya Septemba na Novemba. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usije mara moja. Wengi huja Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, wakapiga picha chini ya mti mwekundu, wakaondoka. Chagua njia moja, itembee mara nne, kila baada ya wiki mbili au tatu. Ukibadilisha njia kila safari utaona mbuga. Ukirudia njia ile ile utaona vuli yenyewe, kwa sababu mti ni ule ule na umebadilika mbele ya macho yako.

Mahali penyewe

Richmond Park iko kusini magharibi mwa London. Ndiyo kubwa kuliko bustani zote za kifalme za jiji hilo, karibu hekta 1,000, na kuingia ni bure. Si bustani ya maua na mabenchi yaliyopangwa mistari. Ni mbuga hasa: nyasi ndefu, mabonde, mabwawa, mialoni mikongwe, na kulungu takriban 630 wanaozurura watakako.

Mfalme Charles I ndiye aliyeizungushia ukuta mwaka 1637, ili apate uwanja wake wa kuwinda, na wenyeji walichukia sana. Miaka zaidi ya mia baadaye, watu wa kawaida walipozuiwa kabisa kupita, mpika bia mmoja wa Richmond aitwaye John Lewis alikwenda mahakamani kudai haki ya njia, akashinda mwaka 1758. Inasimuliwa kwamba aliulizwa anataka mlango au ngazi za kupandia ukuta, naye akachagua ngazi, kwa kuwa mlango unaweza kufungwa kwa kufuli. Kila nikipita lango lolote la mbuga ile namkumbuka mzee huyu. Tunaingia bure kwa jasho lake.

Kufika ni rahisi. Kituo cha Richmond kina treni za chini ya ardhi za njia ya District, treni za Overground, na treni kubwa zitokazo Waterloo. Ukishuka, panda basi namba 371 hadi karibu na lango la Richmond Gate, au tembea kupanda kilima kwa muda wa nusu saa hivi. Mimi hutembea. Juu ya kilima kile cha Richmond utauona mto Thames ukijikunja chini kati ya miti na malisho, na mandhari hayo yanalindwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1902, mtu asije akajenga akayaziba.

Hatua ya kwanza: panga tarehe zako nne

Fungua kalenda sasa hivi, usingoje "nikipata nafasi". Vuli haingoji.

Safari ya kwanza iwe katikati ya Septemba. Kila kitu bado kijani, na utadhani umekuja mapema mno. Hapana, safari hii ni ya kuizoea njia na kuchagua mti wako. Chagua mwaloni mmoja, upige picha ukiwa umesimama mahali utakapoweza kurudi. Safari ya pili iwe wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba, kulungu wanapopiga kelele. Ya tatu, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, rangi zinapopamba moto. Ya nne ni mwisho wa Novemba, matawi yakiwa matupu. Watu huiruka hii ya nne, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo unapoona umbo halisi la mti na viota vyote vilivyojificha tangu masika.

Ukiweza, njoo siku ya kazi. Jumapili yenye jua mbuga hujaa watu, baiskeli na magari.

Hatua ya pili: jihadhari na saa

Hapa ndipo wageni wetu wengi hukwama. Sisi tumekulia mahali ambapo magharibi haisogei sana mwaka mzima, na tumezoea kuhesabu saa zetu kutoka kuchomoza kwa jua. London jua halina mazoea hayo. Katikati ya Septemba linazama kama saa 1 na robo usiku. Katikati ya Oktoba ni saa 12 na dakika chache. Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa nzima, na ghafla, mwanzo wa Novemba, jua linazama saa 10 na nusu alasiri. Mwisho wa Novemba hata saa 10 halifiki.

Kwa hiyo safari ya tatu na ya nne zianze asubuhi. Uwe umeingia langoni kabla ya saa 4, na ujipangie kutoka saa nzima kabla ya jua kuzama. Ndani ya mbuga hakuna taa za njiani, na giza la huko ni giza kweli. Anayesali aangalie ratiba kabla ya kutoka: mwishoni mwa Novemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne na ushei, hivyo alasiri itakukuta njiani. Beba msala, na chini yake kipande cha nailoni, maana nyasi zimeloa karibu muda wote.

Asubuhi sana ndiyo bora kwa wanaoweza. Ukungu hulala mabondeni, na kulungu hutokea ndani yake taratibu, pembe kwanza.

Hatua ya tatu: mavazi na mfuko

Baridi ya vuli London si kali kama watu wanavyoihofu. Kinachoumiza ni unyevu. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki, na inakunyonya joto siku nzima, kwa hiyo iache nyumbani. Vaa nguo nyepesi kadhaa zilizopangana badala ya moja nzito: fulana, sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha maji. Ukipanda kilima unavua moja, ukikaa unairudisha. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, na glovu kuanzia mwisho wa Oktoba.

Usitumie fedha nyingi. Maduka ya hisani yapo karibu kila mtaa wa biashara nchini Uingereza, na ni mitumba ile ile tuliyoizoea, ila huku inatundikwa kwenye hanga. Koti langu la mvua nililipata huko, na limenifaa vuli tano.

Viatu ndivyo visivyotaka ubahili. Udongo wa London una mfinyanzi mwingi, unashika maji, na majani yaliyoanguka juu ya tope yanateleza kama ganda la ndizi. Buti zenye meno chini, zinazofunika kifundo cha mguu, ndizo salama. Buti za mpira zinafaa kwa watoto na kwa njia fupi. Kwa kilomita 7 zitakuchubua.

Ndani ya mfuko weka chupa ya chai ya tangawizi, maandazi au chapati zilizokunjwa, maji, simu iliyojaa chaji (baridi hula betri haraka), tochi ndogo, na mfuko mtupu wa kubebea taka zako. Ramani ya njia ipakue kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya nne: njia yenyewe

Ninayoitembea ni mzunguko wa kama kilomita 7. Kwa mwendo wa kusimama na kutazama inachukua saa tatu.

Ingia Richmond Gate. Acha barabara ya magari, elekea kusini mashariki ukiupita msitu wa Sidmouth Wood, hadi mabwawa mawili ya katikati yaitwayo Pen Ponds. Keti pale kunywa chai ya kwanza. Utasikia makelele juu ya miti ukashangaa: ni kasuku wadogo wa kijani wenye mikia mirefu. Asili yao ni Asia na Afrika, lakini siku hizi wanazaliana London na wamevumilia baridi kwa vizazi kadhaa. Shangazi alipowaona alifurahi kana kwamba amekutana na watu wa nyumbani.

Kutoka mabwawani shuka kusini hadi Isabella Plantation, bustani ya msituni iliyozungushiwa uzio ili kulungu wasiingie, wazi kwa umma tangu 1953. Watu huisifu kwa maua yake ya Aprili na Mei, lakini njoo mwisho wa Oktoba uone majani mekundu yakielea juu ya vijito vyake. Ingia lango moja, utoke jingine, usikimbie.

Kisha rudi kaskazini magharibi hadi Pembroke Lodge, jumba la kale lililo juu ya ukingo wa kilima. Bertrand Russell, mwanafalsafa, alilelewa humo na babu na bibi yake. Leo kuna mkahawa na vyoo. Hatua chache kutoka hapo ni kilima kidogo kiitwacho King Henry's Mound. Weka jicho kwenye darubini iliyopo, na kupitia mwanya uliokatwa katikati ya miti utaliona kuba la kanisa la St Paul's, umbali wa kilomita 16 hivi. Sheria za ujenzi wa jiji zinaulinda mstari huo wa kuona. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kurudi Richmond Gate.

Kwa mwenye miguu ya kazi ipo Tamsin Trail, njia inayoizunguka mbuga nzima, karibu kilomita 12. Ni imara, lakini utagawana na baiskeli. Kwa mzee au mtoto mdogo, kipande cha Richmond Gate hadi Pembroke Lodge na kurudi kinatosha kabisa.

Kulungu: somo la Oktoba

Sehemu hii isome mara mbili, hasa kama unakuja na watoto.

Kulungu wa huku si pongo wala swala wetu. Pembe za swala ni za maisha: zinakua naye hadi kufa. Za kulungu huanguka kila mwaka majira ya joto yanapokaribia, zikaota upya ndani ya miezi michache, zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya. Zikikomaa, ngozi hiyo hukauka na dume huisugua kwenye miti hadi itoke. Septemba inapofika silaha ziko tayari.

Kisha unaanza msimu wa kupandana, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba yote. Madume, yaliyokuwa yakilisha pamoja kwa amani, hugeuka maadui. Kulungu wekundu, wale wakubwa, hunguruma kwa sauti nzito inayotoka tumboni, na kwa mara ya kwanza utadhani ni ng'ombe mwenye hasira. Wenye madoa, wadogo kidogo na wenye pembe pana kama kiganja, hukoroma. Dume hugaagaa topeni, huvaa kangaga na nyasi kwenye pembe zake ili aonekane mkubwa, na huzunguka kundi la majike bila kula vizuri kwa wiki kadhaa. Madume mawili yakilingana hutembea sambamba kwanza, yakipimana. Asipokubali hata mmoja, hugongana pembe, na mlio wake unasikika mbali.

Mnyama wa namna hiyo ana uzito wa zaidi ya kilo 160 na hana akili ya kukuogopa. Kanuni ya mbuga ni mita 50, kama mabasi matano ya ghorofa yaliyopangwa mstari. Mimi huongeza zaidi. Usisimame kati ya dume na majike yake, wala kati ya madume mawili. Akikutazama huku ameinua kichwa na kuacha kula, umeshamkaribia mno: rudi nyuma polepole, usikimbie. Mbwa afungwe kamba. Usimpe kulungu chakula, hata kipande cha karoti. Mnyama aliyezoea mkono wa mtu huwa hatari, na mwisho wake ni kuuawa yeye.

Picha piga kwa kuvuta kamera, si kwa kusogea. Nimewahi kuona baba akimsukuma mtoto wa miaka mitano "asogee kidogo" karibu na dume lililokuwa likinguruma. Moyo wangu ulisimama. Nilimwita kwa sauti, akarudi, hakuna aliyeumia, lakini hadi leo nikiiona sura ya mtoto yule nasikia ubaridi.

Kusoma majani

Shangazi alisimama chini ya mti wa manjano akaniuliza, "Huu unakufa?"

"Haufi, shangazi. Unalala."

Akafikiri kidogo. "Basi ni kama mbuyu."

Ni sawasawa kabisa. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili usipoteze maji. Mwaloni hupukutisha kwa sababu mwanga unapungua na baridi inakuja, na jani laini halitavuka barafu. Siku zinapofupika, mti huanza kuvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kuvuta virutubisho kutoka kwenye jani kuvirudisha matawini. Manjano unayoiona haikuja leo. Ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, kijani kikiifunika. Nyekundu ni habari nyingine: mti huitengeneza upya, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofika kuganda. Ndiyo maana mwaka mmoja nyekundu huwaka na mwaka mwingine hufifia. Mwishoni mti hujenga ukuta mwembamba kwenye shina la jani, na upepo mdogo tu hulidondosha.

Aliyekulia Tabora au Iringa anaijua nyekundu hii, ila kwa upande wake wa pili. Miombo huchipuza majani mekundu kabla ya mvua, karibu na miezi hii hii. Kule nyekundu ni jani linalozaliwa, huku ni jani linaloaga.

Zoezi la kufanya: katika kila safari nenda kwenye mwaloni wako, tazama mambo matatu. Rangi imeanzia wapi, juu au pembeni? Chini kuna majani kiasi gani? Na matunda ya mwaloni, yale madogo yenye kikombe, mwaka huu ni mengi au machache? Andika mstari mmoja tu kwenye simu. Angalia pia jinsi miti mingi ilivyokatika sawasawa chini, kama iliyonyolewa kwa rula. Huo ni mkasi wa kulungu: wanakula majani hadi pale midomo yao inapofika.

Kangaga nazo usizipite. Septemba ni kijani, Oktoba zinageuka rangi ya shaba, Novemba zinalala chini, na kulungu aliyejificha humo anaonekana kwa pembe tu.

Yaliyo ya kuacha yalipo

Uyoga utauona kila mahali, hasa kwenye magogo. Usichume. Hairuhusiwi, na aina zenye sumu zinafanana sana na zile za kula. Chesinati, aina ya njugu za miti ya huku, na matunda ya mwaloni pia hayaokotwi: ndiyo akiba ya kulungu ya kunenepa kabla ya baridi. Magogo yaliyooza yameachwa kwa makusudi kwa ajili ya wadudu, wakiwamo mbawakawa wakubwa wenye pembe, ambao wamefanya mbuga hii ipewe ulinzi maalumu.

Siku ya upepo mkali usiende. Matawi ya miti ya miaka mia kadhaa huanguka bila kuonya, na mara nyingine malango hufungwa kabisa. Novemba pia malango ya waenda kwa miguu huwa yanafungwa usiku, kwa sababu idadi ya kulungu hupunguzwa kwa kuwindwa na walinzi. Soma tangazo langoni.

Ukisharudi nyumbani

Kagua kupe kabla ya kukaa kwenye kochi. Wanapanda kutoka kwenye kangaga na nyasi ndefu, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Njiani ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Nyumbani tazama nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, na kwa watoto tazama pia nyuma ya masikio na penye nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kumsokota. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Kisha safisha mahali hapo na andika tarehe. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara katika wiki zinazofuata, au ukapata homa isiyoeleweka, mwone daktari umwambie uliumwa na kupe.

Viatu vya tope visiwekwe juu ya hita, ngozi itapasuka. Vioshe, toa kamba, vijaze magazeti makavu, uyabadilishe baada ya saa chache. Kesho yake asubuhi vitakuwa tayari, na kwenye kalenda kuna tarehe nyingine inayovingoja.